Taulo Nililorusha Dona Akiwa Anashinda

Merveille, na wenzako wote wa hangari ile ya Naviundu, Jumamosi mliniuliza swali nami nikawajibu ovyo. Nilikuwa nimeketi juu ya tairi, namfunga Merveille bandeji mkononi, naye akasema: "Papa Varisti, banasema zamani boksi ilikuwa inajaza bantu kuliko mupira. Leo bantu banakimbilia MMA yetu. Boksi ilikufaka juu ya nini?"

Nikasema: "Bantu balichoka nayo."

Mkacheka, mkarudi kwenye mazoezi yenu.

Si kweli. Watu hawakuchoka. Nimeamua kuwaandikia kwa sababu mdomo wangu una tabia mbaya: ukiulizwa jambo zito, hutafuta njia fupi. Tabia hiyo iliwahi kumharibia mtu maisha, na mtu huyo alikuwa bondia wangu.

Wengi wenu mnanijua kama mzee wa kufunga mikono tu. Kwenye karatasi za kampuni ya madini niliandikwa msaidizi wa dispansari. Asubuhi nilisafisha vidonda vya wafanyakazi, nikachemsha sindano, nikawapima homa. Ikifika saa tisa mchana, mkuu wa dispansari ananiruhusu niende ukumbi wa kambi, ambako kampuni ilikuwa na klabu ya boksi. Huko nilikuwa mtu wa kona. Wazungu walisema soigneur, sisi tukasema swanyeri. Ni yule anayemfunga bondia mikono, anayeziba damu, anayempa maji na maneno mawili matatu katika dakika moja ya mapumziko, kisha anatoka ulingoni na kiti chake. Nilifanya kazi hiyo hadi hakukuwa tena na kona ya kukaa.

Na ukumbi ulikuwa unajaa kweli. Baba yangu, mtu wa reli aliyetoka kaskazini mwa mkoa huu huu, hakukosa misa wala boksi, na siku za pambano hata padri wetu alikuwa anafupisha mahubiri. Akina mama walisonga bukari, ugali wetu, mapema ili wapate nafasi ya kukaa. Waliokosa nafasi walining'inia madirishani. Bondia mgeni akija kwa ndege, watu walitembea kwa miguu hadi uwanja wa ndege wa Luano kumwangalia akishuka tu, wapime mabega yake kwa macho, kisha warudi wakibishana njia nzima. Hakuna aliyeuliza huyu ametoka mkoa gani. Waliuliza: mkono wake wa kushoto ukoje?

Aliyenifundisha kazi ni mzee Kapenda, swanyeri aliyenitangulia. Alikuwa mfupi, mwenye kikohozi, na hakuwahi kupigana hata siku moja. Siku ya kwanza aliniketisha karibu na kamba, akaniuliza ninaangalia nini. Nikasema naangalia ngumi.

"Ngumi, kila muntu anaangalia," akasema. "Weye angalia kisigino. Muntu anaweza kudanganya na uso. Kisigino haidanganyake."

Ndivyo ilivyo, wanangu, hata kwenye mchezo wenu. Mtu mwenye nguvu bado, kisigino chake kinaelea. Akianza kukanyaga kwa wayo mzima, kama mtu anayetoka shambani na mzigo, miguu imekufa, hata kama anatabasamu. Mzee Kapenda alinifundisha pia kwamba jeraha la nyusi halifutwi, linakandamizwa. Unaweka kidole na pamba, unasukuma hadi mfupa, na unavumilia bila kuchungulia. Swanyeri anayechungulia kila mara anaifungulia damu mlango. Na uvimbe wa jicho unasukumwa kwa chuma baridi, polepole, kuelekea sikioni, kamwe si kuelekea puani.

Nilikosea mara nyingi. Pambano langu la kwanza nilibeba vikopo viwili mfukoni, kimoja cha vaselini na kingine cha dawa ya kuchua misuli, ile inayowaka. Giza la kona na woga wangu vikanichanganya. Nikampaka bondia wetu dawa ya kuchua kuzunguka macho. Kengele ikalia, yule bwana akaruka kama mtu aliyekanyaga siafu, akawa anarusha ngumi kila upande huku machozi yanamtoka. Mpinzani wake hakuelewa kitu, akaanguka kabla raundi haijafika nusu. Watu wakashangilia, wakasema klabu imeleta mtindo mpya. Mzee Kapenda akanivuta sikio: "Leo Mungu ameshika kona yako. Kesho Atakuwa na kazi ingine." Tangu siku ile mfuko wa kulia ni wa vaselini tu, na mpaka leo ni hivyo. Merveille amewahi kuniuliza kwa nini natumia mfuko mmoja. Ndiyo sababu.

Sasa niseme kuhusu mchezo wenu, maana mnajua nilikuwa nausema vibaya. Mara ya kwanza niliposikia kwamba watu wanafungiwa kwenye kizimba, wanapigana kwa mikono, miguu, magoti, na aliyeanguka anafuatwa hukohuko chini, nilisema hiyo ni rabsha ya baa. Kisha mkanipeleka kwenye hoteli moja pale mtaa wa Golf, kwenye pambano lenu. Taa, moshi, muziki wa kutikisa meno. Nikakaa nimenuna. Raundi ya pili kijana mmoja akakabwa shingo. Nikamwona anapigapiga kiganja mgongoni mwa mwenzake, mara tatu, na papo hapo mwenzake akamwachia. Yule aliyeshindwa akainuka, akamkumbatia mshindi, akawapungia watu. Watu wakampigia makofi. Hakuna aliyemwita mwoga.

Mliniuliza mbona nimenyamaza kwenye gari. Nilikuwa nafikiri: kumbe mtu anaweza kusema "basi" yeye mwenyewe.

Katika boksi yetu haikuwa hivyo. Bondia akisema "basi" kwa mdomo wake, aibu ingemfuata hadi kaburini. Kwa hiyo neno hilo aliachiwa mtu wa kona. Mimi ndiye niliyeshika taulo. Nikilirusha ulingoni, pambano limekwisha, bondia wangu ameshindwa, na yeye haulizwi. Ni mamlaka makubwa kumpa mtu mwenye woga.

Bondia wangu aliitwa Donatien. Sisi tulimwita Dona. Wazazi wake walitoka Kasai, baba yake aliletwa na kampuni kufanya kazi kwenye tanuri la shaba, na Dona mwenyewe alizaliwa hapa, kwenye dispansari ile ile nilimokuwa nachemsha sindano. Alikuwa mrefu, mikono mirefu, hana haraka. Alipiga jabu, ile ngumi ya kushoto iliyonyooka, kama mtu anayebisha hodi kwa heshima, mara moja, mara mbili, na mara ya tatu mlango unaanguka. Alikuwa amemwoa Bernadette, binti wa jirani yetu, na walikuwa na mtoto mmoja mchanga. Mke wangu ndiye aliyemwogesha mtoto huyo juma la kwanza.

Alinisikiliza kupita kiasi. Nikimwambia shuka, anashuka. Nikimwambia pumua, anapumua. Mabondia wengine hubisha, au husema ndiyo kisha wakafanya yao. Dona aliketi kwenye kiti, akafunga macho, akaacha nimtengeneze kama mtoto anayenyolewa.

Kisha mambo yakaanza kuanguka. Kampuni ilianza kwa kuchelewesha unga, ikachelewesha mshahara, halafu ikaacha kusema itachelewesha hadi lini. Dispansari ikaishiwa pamba. Barafu ya kantini ikakoma. Nikawa natumia boliti kubwa ya chuma, nailaza usiku kucha ndani ya maji ya mtungi, ndiyo chuma changu baridi. Glavu zikipasuka tulimpelekea fundi viatu, akazijaza vipande vya blanketi. Unajua glavu ya blanketi? Ikilowa jasho inakuwa jiwe. Mabondia wakaanza kuchanika nyuso kwa sababu ya blanketi, nami sina pamba.

Shida hizo tungezivumilia. Lakini wanasiasa walikuja na maneno yao. Wakasema kwenye mikutano kwamba njaa hii imeletwa na watu wa Kasai, wamechukua kazi zote, warudi kwao. Watu waliokuwa wakipokezana chumvi juu ya ukuta wakaacha kusalimiana. Wakawaita wenzao bilulu, yaani wadudu. Vijana wakajifunza kupiga filimbi kwa vidole kila Mkasai akipita, na filimbi hiyo ikifuata nyumba yako, ulijua usiku huo usilale humo. Familia nzima zikahamia kituo cha reli, na magodoro na masufuria, kungoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini.

Kocha wetu, naye Mkasai, aliondoka bila kuaga. Nikabaki mimi na Dona, na pambano lilikuwa limeshapangwa: Dona na Musonda wa klabu ya Likasi, raundi sita, kwa mkanda wa mkoa. Nilimfuata Dona nyumbani kwake, nikamwambia tuliache.

Alikuwa anapiga misumari kwenye mlango wake uliovunjwa wiki ile. "Papa Varisti," akasema, "miye nilizaliwa hapa. Kasai, siijue ata kwa macho. Minaenda wapi?"

"Bantu bamebadilika, Dona."

"Bananijua. Nikishinda ule mukanda, bataona miye ni mutoto wa hapa. Bataniacha."

Bernadette alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Aliniangalia tu, kama mtu anayeuliza daktari kwa macho. Nikasema sawa, tupigane. Hata mimi nilitaka kuamini. Nilikuwa nimeishi na ukumbi ule, nikadhani naujua.

Jumapili ile ukumbi ulijaa kuliko siku zote. Lakini akina mama hawakuwapo. Nilipoona hivyo ilinipasa nigeuke. Tulipoingia, filimbi zikaanza, zikajaza paa lote, huwezi kusikia hata unachowaza. Wakawa wanaimba: "Bilulu barudi kwabo!" Niliwatambua. Yule niliyemfunga mguu ulipovunjika. Yule wa duka la mkate. Mtoto wa dada yangu.

Dona akapigana vizuri kiasi ambacho sijawahi kuona tena. Nadhani zile kelele zilimsukuma ndani yake, mahali pa utulivu. Jabu, jabu, anasogea. Raundi ya tatu Musonda akaanza kutafuta pumzi kwa mdomo. Raundi ya nne nikaangalia visigino. Vya Musonda vilikuwa chini, wayo mzima. Vya Dona vilikuwa vinaelea kama asubuhi. Nawaambieni mniamini: hakukuwa na kitu chochote kibaya mwilini mwa Dona siku ile. Nyusi safi, macho safi, miguu safi.

Mapumziko ya raundi ya tano, wakati namfuta uso, mwanamume mmoja mwenye koti jeusi akaja kusimama nyuma yangu kwenye kona. Sikumjua. Akaniinamia sikioni kwa upole, kama anayenipa pole ya msiba.

"Weye ni muntu wetu," akasema. "Tunajua nyumba yako. Kama huyu anashinda, hamutatoka humu, ata weye, ata yeye."

Kisha akakaa kwenye ngazi ya ulingo, karibu na mguu wangu.

Dona alikuwa amefunga macho, hakusikia. Akaniuliza: "Papa, iko namna gani?"

Nikasema: "Muzuri."

Kengele ya raundi ya sita. Dona akabisha hodi mara mbili, na mara ya tatu Musonda akapiga goti moja. Ukumbi ukanyamaza ghafla. Ule ukimya ulinitisha kuliko filimbi. Nikasikia chupa inavunjwa mahali fulani nyuma. Yule wa koti jeusi akageuza kichwa polepole, akaniangalia. Musonda akainuka, mwamuzi akampa ishara waendelee, Dona akasogea kumaliza.

Nikarusha taulo.

Liliangukia kati yao. Mwamuzi mwenyewe hakuamini, alilitazama kwanza kama kitu kilichodondoka kutoka paani. Halafu akainua mikono. Ukumbi ukalipuka kwa furaha, watu wakapanda ulingoni, wakambeba Musonda ambaye alikuwa anatikisa kichwa, anasema hapana, hapana. Dona alisimama palepale. Hakunikasirikia. Aliniangalia mimi, kisha akaangalia mikono yake, kisha tumbo lake, kama mtu anayetafuta mahali alipojeruhiwa.

Tulitoka kwa mlango wa jikoni. Kwenye chumba cha nyuma cha kubadilishia nguo, nikimkata bandeji, akaniuliza: "Papa, uliona nini?"

Wanangu, hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yalikuwa machache: niliogopa, walitutishia, ulikuwa unashinda. Nikasema: "Nyamaza kwanza. Tutasema kesho."

Kesho yake hapakuwa na Dona wala Bernadette wala mlango. Nyumba ilikuwa imebebwa hadi mabati.

Niliwapata kituoni siku kadhaa baadaye. Walikuwa wamejipanga chini ya turubai, katikati ya watu wasiohesabika, na harufu ya watoto wanaoharisha. Niliwapelekea unga na sabuni. Askari walikuwa wanapitapita. Dona alinivuta pembeni, akauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini: "Niambie tu, Papa. Uliona nini?"

Niliwaangalia wale askari, nikaangalia Bernadette anayekung'uta unga kwenye sufuria. Nikaona aibu. Ningewezaje kumwambia mtu aliyepoteza nyumba kwamba hata mkanda wake nilimnyang'anya mimi, kwa woga wangu? Mdomo ukatafuta njia fupi.

Nikasema: "Niliona kitu, mutoto wangu. Usiulize tena. Jichunge tu."

Akaitikia kwa kichwa. "Merci, Papa," akasema. Alinishukuru. Treni yao iliondoka siku nyingine, mimi sipo.

Hivyo ndivyo boksi ilivyokufa, Merveille. Nusu ya mabondia wetu waliondoka kwa treni zile. Waliobaki walikuja mazoezini siku chache, lakini kila mmoja alikuwa ameona kwamba mshindi anaamuliwa kwa filimbi. Musonda mwenyewe alikuja kunitafuta dispansari. Akaweka ule mkanda juu ya meza ya sindano, akasema: "Papa, hii kitu, mupatie mwenyewe." Nikamwambia mwenyewe ameondoka. Akauacha hapo, hakupigana tena. Ukumbi ukawa ghala, baadaye kanisa. Watu walioimba siku ile waliona haya kurudi mahali pale, na hakuna aliyetaka kuwaeleza watoto wake sababu. Mlipokuja na simu zenu na kizimba chenu, mlikuta mji hauna mchezo. Msijidanganye kwamba mliushinda mchezo wetu. Mlikuta maiti.

Miaka mingi ilipita. Nikastaafu bila sherehe wala saa ya ukutani. Kisha jirani yangu Paluku, mfanyabiashara wa Butembo mwenye malori, akaniambia siku moja tukitoka kanisani kwamba huko Mwene-Ditu, Kasai, hutengenezesha mirija ya matairi kwa fundi wa baiskeli, mtu mrefu, mpole, anayesema Kiswahili cha hapa kabisa. Watu wa huko walisema zamani alikuwa bondia. Nikamuuliza jina. Alipolitaja, nikaomba kiti kwenye lori lake linalofuata.

Barabara ile si ya mzee. Sitawasimulia. Tulifika mchana, vumbi limenipaka hadi kope. Dona alikuwa ameinama juu ya gurudumu, nywele nyeupe pembeni. Akanitambua kabla sijashuka vizuri. Akaniamkia kwa mikono miwili, akamwita Bernadette kwa sauti kubwa, wakaniwekea kiti, wakaniletea maji ya kunawa na kuku. Walinipokea kama baba yao.

Tulipomaliza kula, Dona akawaambia watoto wake wakubwa: "Huyu njo Papa Varisti. Huyu njo aliniokoa."

Nikauliza: "Nilikuokoa na nini?"

Akagusa kichwa chake. "Kile uliona. Daktari bote hapa bananiangaliaka, banasema hakuna kitu. Lakini miye nilijua weye unaonaka kupita daktari. Basi nilijichunga, kama ulisema. Sikupigana tena. Balinitafuta hapa, balitaka nifundishe bijana, nikakataa. Kazi ya muzigo nilikataa. Kila wakati kichwa inaniluma, naambia Bernadette: njo ile, imefika."

Bernadette akasema polepole: "Usiku anaamukaka kuangalia kama angali anaona. Miaka yote, Papa. Anawasha taa, anaangalia mikono yake."

Wanangu, nimeziba damu za watu wengi. Sijawahi kuona jeraha kama lile, na mimi ndiye niliyelifanya, kwa maneno mawili ya kituo cha reli.

Nikamwambia. Safari hii sikutafuta njia fupi. Nikasema koti jeusi, nikasema chupa, nikasema visigino vya Musonda na visigino vyake. Nikasema: "Sikuona kitu, Dona. Niliogopa. Na kule kituoni niliona haya, nikakudanganya."

Akainuka, akaenda kwenye beseni, akaanza kunawa grisi mikononi, akanawa, akanawa, hata maji yalipokuwa meusi aliendelea. Bernadette ndiye aliyesema.

"Papa Varisti, miaka hii yote ulikuwa na mudomo."

"Nilikuwa nao, mama."

"Na posta. Na malori. Na telefone zilikuja."

"Zilikuja."

Akaingia ndani na vyombo, hakutoka tena hadi jioni.

Dona alirudi kukaa. "Kumbe sikukuwa mugonjwa," akasema.

"Haukukuwa."

"Ata siku moja?"

"Ata moja."

"Na ile raundi, nilikuwa mbele?"

"Mbele sana. Ulibakisha ngumi moja."

Watoto wake walikuwa wamesimama kando ya ukuta, hawajui wanichukie au waniletee maji. Nikaomba msamaha. Hakunijibu kwa ndiyo wala hapana, na sikuona haki ya kuomba mara ya pili.

Nimefikiri mara nyingi kama nilikosea kurusha taulo. Sijui. Labda wangetuua. Labda, kama yeye alivyotumaini, wangeona aibu na kumpigia makofi. Hilo nimeliacha kwa Mungu. Lakini kutosema sababu, hilo ni langu. Nanyi mnaofundisha wadogo pale hangarini, mkimsimamisha mtu, mwambieni siku hiyohiyo mmeona nini. Kama hamkuona kitu, mkaogopa tu, mwambieni hivyohivyo. Atakasirika, atalala, ataamka akiwa mzima.

Asubuhi Paluku alipiga honi. Kwa akina Dona mgeni haondoki mikono mitupu, na mlangoni palikuwa na gunia la mahindi waliloniwekea tangu jana, kabla sijasema nililosema. Nilidhani wataliacha pale. Kijana mkubwa wa Dona akainama alichukue, baba yake akamgusa bega.

"Acha. Nitabeba miye."

Bernadette alikuwa dirishani. Akafungua mdomo amkataze, kwa mazoea ya miaka yote ile, kisha akajizuia, akaweka kiganja juu ya midomo yake.

Dona akachuchumaa kama nilivyomfundisha, mgongo wima, akalikumbatia gunia, akalipandisha begani. Akasimama nalo. Uso wake ukafunguka, nikamwona yule wa kambini, yule wa raundi ya sita. Akapiga hatua moja kuelekea lori, akapiga ya pili. Ya tatu, niliangalia visigino vyake. Vilikuwa chini. Goti likatetemeka, na gunia likateleza likaanguka vumbini katikati yetu.

Alisimama pale anahema, mikono kiunoni. Kijana wake akakimbia kuliokota, na Dona akamwachia. Akanitazama, akacheka kidogo, kicheko kisicho na sauti.

"Sasa njo siwezi kweli-kweli, Papa," akasema.